Mbuna, gapi au neoni: nani akae na nani kwenye tangi la nyumbani

Mtoto wa dada yangu anaishi Dodoma. Mwezi uliopita alinitumia picha ya tangi jipya la kioo la futi tatu, na chini yake orodha: neoni kumi, goldifishi wawili, "wale wa njano" wanne, beta mwekundu mmoja, oska "mdogo tu" mmoja, na msafisha kioo mmoja. Akaandika: "Shikamoo mjomba. Muuzaji kasema wote wanakaa pamoja, na kweli nimewaona kwenye kioo kimoja. Nichukue?"

Nikamwambia asichukue kwanza. Kisha nikamuuliza swali ambalo lilimshangaza: birika lako la maji ya chai, ndani lina rangi gani?

Lilikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama chokaa. Kwa jibu hilo tu neoni kumi walishatoka kwenye orodha.

Ninaandika haya kwa ajili yake na kwa kila anayesimama mbele ya vioo vya dukani akiwa na hela mkononi na watoto pembeni wanaonyesha kwa kidole. Samaki wa mapambo wengi wanaokufa majumbani hawafi kwa ugonjwa. Wanakufa kwa sababu waliwekwa kwenye maji yasiyo yao, au na jirani asiye wao.

Kwa nini dukani wanaonekana wamepatana

Muuzaji hakusema uongo. Wamekaa pamoja kweli, kwa wiki moja au mbili. Samaki wa dukani bado ni wadogo, wengi hawajavuka sentimita 4. Wamebanwa mahali pamoja, hakuna jiwe wala pango, na kila siku mmoja anauzwa na mwingine anaingizwa. Samaki wa namna hiyo hana cha kugombania. Mpeleke nyumbani, apate jiwe lake, ale ashibe, apevuke. Hapo ndipo utamjua.

Mimi nilimjua hivyo Melanochromis auratus. Nilimnunua miaka mingi iliyopita nikiwa Tabata, ana urefu wa kidole gumba, wa njano mwenye mistari myeusi ya kwenda urefu wa mwili. Alikuwa mzuri kuliko wote tangini. Baadaye akaanza kuwa mweusi: dume lilikuwa limepevuka. Ndani ya wiki tano nilizika samaki saba. Nilidhani ni ugonjwa, nikanunua dawa. Siku moja nikaketi mbali na tangi, saa nzima bila kujisogeza, ndipo nikaona anavyowafukuza mmoja mmoja hadi kwenye kona ya juu karibu na filta na kuwanyofoa mapezi. Nikikaribia, anaacha na kuja mbele ya kioo kuomba chakula.

Kwa hiyo ninapolinganisha samaki hapa chini, ninalinganisha walivyo baada ya mwaka mmoja. Walivyo dukani haituhusu.

Maji yako ni ya nani?

Maji magumu ni yale yenye chokaa na magnesi nyingi. Sabuni haitoi povu upesi, birika linashika ukoko, na nguo zikikauka zinakakamaa. Maji laini ni kinyume chake: sabuni inateleza mkononi mpaka unachoka kuisuuza. Mara nyingi maji magumu huwa upande wa besi, yaani pH yake, namba inayoonyesha maji ni ya asidi au ya besi, imepita 7.5, na yaliyo laini hukaribia 7 au kushuka chini yake. Karatasi za kupimia pH na ugumu si ghali, na wauzaji wa vifaa vya mabwawa ya kuogelea huwa nazo. Zinunue kabla ya samaki wa kwanza.

Dodoma kwa miaka mingi imetegemea maji ya visima virefu vya Makutupora, na hayo ni magumu. Nairobi sehemu kubwa ya maji hutoka bwawa la Ndakaini na mito ya milima ya Aberdare, nayo ni laini. Dar es Salaam inategemea nyumba: maji ya bomba kutoka mto Ruvu si sawa na ya kisima kilichochimbwa uani, na visima vingine vya karibu na bahari vina chumvi inayosikika ulimini.

Sasa ona samaki wanakotoka. Ziwa Tanganyika lina pH ya kati ya 8.6 na 9.2. Ziwa Nyasa ni kati ya 7.7 na 8.6. Neoni hutoka kwenye vijito vya bonde la Amazoni, ambako maji yana rangi ya chai kwa majani yaliyooza, laini kabisa, na pH yake mara nyingi ni 5 au 6. Hiyo namba ya pH haipandi kama ngazi za kawaida: kila hatua moja ni mara kumi. Kati ya kijito cha neoni na Ziwa Tanganyika kuna tofauti ya mara elfu moja.

Unaweza kuyabadilisha maji, sikatai. Mawe ya matumbawe ya zamani, yale ya kujengea nyumba za pwani, huongeza ugumu na pH. Maji safi ya mvua hupunguza. Lakini utafanya hivyo kila wiki, kila unapobadilisha maji, kwa maisha yote ya tangi, na siku utakayosafiri mwenzako atamimina ndoo ya bomba moja kwa moja. Kwa mtu anayeanza ushauri wangu ni mmoja: pima maji yako, halafu chagua samaki wanaoyapenda jinsi yalivyo.

Na hapo ndipo moyo wangu unapouma kidogo. Wengi wetu tunakunywa maji magumu, tuko jirani na maziwa mawili ambayo wafugaji wa Ujerumani, Japani na Marekani wanalipia samaki wake kwa fedha nyingi na kuchanganya chumvi maalumu ili maji yao yafanane na ya kwetu. Sisi tunanunua neoni.

Mbuna wa Ziwa Nyasa

Mbuna ni neno la Kitonga cha Malawi, la samaki wanaoishi miambani. Mtu wa Mwanza akiwaona atasema ni furu, na hatakuwa mbali, maana ni ndugu wa furu wa Ziwa Victoria, na wote ni ukoo mmoja na sato na perege. Wafugaji duniani huwatambua hadi kwa majina ya vijiji vya upande wetu wa ziwa: Mbamba Bay, Liuli, Lupingu. Kazi yao kutwa ni kukwangua mwani juu ya mawe, na kila dume ana jiwe lake.

Kwa rangi hakuna samaki wa maji yasiyo ya chumvi anayewashinda. Ukiwaona unaweza kudhani ni samaki wa baharini. Kwa ugomvi pia hawana mshindani. Wanahitaji tangi la sentimita 120 kwa urefu, mawe yaliyopangwa kutoka chini hadi karibu na juu yenye mapango mengi, na idadi kubwa, kumi na tano hadi ishirini, ili ubabe wa dume mkubwa usambae badala ya kumwangukia mmoja. Kila dume moja, majike matatu au zaidi. Wakiwa watano tu ndani ya tangi, mwisho hubaki mmoja.

Hao "wa njano" wa kwenye orodha ya mpwa wangu nilimtaka anipigie picha, kwa sababu dukani jina hilo hubeba samaki watatu tofauti. Wa njano tupu mwenye mstari mweusi kwenye pezi la mgongoni ni Labidochromis caeruleus, mpole kuliko mbuna karibu wote. Wa njano mwenye mistari myeusi ya kwenda urefu ni auratus, yule aliyenimalizia wenzake. Wa njano mwenye vivuli vya milia ya wima ni dume la Maylandia lombardoi, ambaye jike lake ni la bluu. Naye ni mkali mno. Picha ilipokuja, wawili walikuwa Labidochromis na wawili auratus, wote kwenye kioo kimoja, bei moja.

Kama unachotaka ni njano na bluu pamoja, kuna njia nzuri zaidi ya kuchanganya aina. Chindongo saulosi hukua hadi sentimita 8 au 9 tu. Majike na watoto wote ni njano kama ndizi mbivu, na dume linalotawala hugeuka bluu lenye milia myeusi. Nunua watoto kumi na wawili wa aina hiyo moja, uondoe madume yanayozidi wakikua, na tangi la sentimita 90 litatosha. Huna wasiwasi wa watoto chotara pia, jambo linalowakuta wengi wanaochanganya mbuna wanaofanana.

Aulonocara nao hutoka Nyasa, wana madume ya rangi za kung'aa na majike ya kijivu, ila hao ni watu wa mchangani: husikiliza mtikisiko wa wadudu chini ya mchanga kwa vitundu vya kichwani. Ukiwaweka na mbuna watasukumwa kwenye chakula na rangi yao itafifia. Wape tangi lao.

Chakula kinawatenganisha kuliko watu wanavyodhani. Mbuna wana utumbo mrefu wa mla majani. Wape chakula chenye spirulina, aina ya mwani, na mchicha uliochovywa maji ya moto. Ukiwalisha nyama wanavimba tumbo na kufa.

Wa Ziwa Tanganyika

Hili ndilo ziwa langu, nisameheni nikikaa hapa. Lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na limekaa peke yake muda mrefu hivi kwamba samaki wake wa ukoo wa sato, aina zipatazo 250, karibu wote hawapatikani mahali pengine. Mbelgiji Pierre Brichard alianza kuwasafirisha nje kutoka Bujumbura miaka ya 1970, na mmoja wao, Neolamprologus brichardi, ana jina lake. Kigoma nayo imewatuma kwa ndege miaka mingi. Lakini nenda nyumba ishirini za Kigoma mjini, sidhani kama utakuta tangi moja lenye samaki hao.

Mbuna wote wanafanana kwa maisha. Wa Tanganyika kila mmoja ana mtindo wake, na ndiyo maana ziwa hili linamfaa hata mtu mwenye tangi dogo.

Neolamprologus multifasciatus ni mdogo kuliko samaki wote wa ukoo huu. Dume halifiki sentimita 5. Anaishi ndani ya maganda matupu ya konokono chini ya ziwa. Kila jike lina ganda lake, analichimbia mchanga kwa mdomo mpaka limezama na kubaki tundu tu, na akitishwa anatoweka humo kama aliyemezwa. Siku moja unaona vichwa vidogo kumi vimechungulia tundu: watoto. Hawafukuzwi, wanakua palepale, ukoo unapanuka, mipaka inapimwa upya. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lita 54, linatosha kijiji kizima. Mwaga mchanga laini wa sentimita 5, weka maganda mawili kwa kila samaki, yenye mdomo wa sentimita 2 au 3. Maganda ya konokono wa shambani yanafaa, mradi shamba halikupigwa dawa na umeyachemsha vizuri.

Ukiwa na sentimita 90, unaweza kuwapa maganda upande mmoja, na upande wa pili ukajenga rundo la mawe kwa Julidochromis wawili walioshikana ndoa, mathalani J. transcriptus wa sentimita 7. Huyu hatoki miambani na yule hatoki mchangani. Acha sentimita 20 au 30 za mchanga mtupu katikati, ndio mpaka. Nimewahi kuwa na tangi la namna hii kwa miaka, na ugomvi pekee niliouona ni wa mdomo wazi, dakika mbili, kila mtu akarudi kwake.

Brichardi aliyetajwa juu ni mrembo, mapezi yake yanaishia kama nyuzi, na watoto wakubwa husaidia kulinda wadogo zao. Utaratibu huo huo ndio unaomfanya asifae kuchanganywa: familia ikizidi ishirini, wageni wote hubanwa pembeni hadi wafe. Mpe tangi lake mwenyewe. Cyprichromis huogelea kundi katikati ya maji, anapendeza sana juu ya vichwa vya wakaa magandani, ila anataka sentimita 120, wenzake wanane, na kifuniko, maana huruka. Tropheus duboisi wa pwani ya kusini mwa Kigoma, ambaye utotoni ni mweusi mwenye madoa meupe kama nyota, anahitaji kundi la kumi na wawili na mlo wa majani kama mbuna. Kwa anayeanza atamvunja moyo. Frontosa usimguse kama huna tangi la lita 400: anapita sentimita 30, na samaki wadogo ndio chakula chake.

Je, mbuna na wa Tanganyika wakae pamoja? Maji yanaruhusu, tabia hairuhusu. Mbuna ana haraka na fujo; mkaa magandani atajificha mpaka akonde.

Kuna hatari moja ya maji ya besi ambayo lazima niiseme. Taka za samaki hutoa amonia. Sehemu ya amonia hiyo ni ile yenye sumu, na sehemu hiyo hukua pH inapopanda: kwa joto la nyuzi 25, katika pH 7 haifiki asilimia 1, katika pH 8 ni kama asilimia 5, katika pH 9 yapita theluthi. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho neoni angekivumilia kinaunguza matamvua ya samaki wa Tanganyika. Kwa hiyo tangi lianzishwe wiki nne hadi sita kabla, bakteria wa filta waote na kuanza kugeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitrati, ndipo samaki waingie, wachache wachache. Hakuna njia ya mkato hapa.

Gapi, moli na plati

Hawa huzaa watoto hai, asili yao ni Amerika ya Kati na kaskazini ya Amerika ya Kusini, na maji magumu ni furaha yao. Ni wapole, wanakula karibu kila kitu cha kuelea, wanaishi vizuri kati ya nyuzi 24 na 28. Kwa mtoto wa miaka minane anayetaka samaki wake, sijaona bora zaidi.

Tatizo lao ni uzazi. Gapi jike hubeba mimba wiki nne hivi na kuzaa watoto ishirini, thelathini, wakati mwingine zaidi, na akishapandwa mara moja anaweza kuzaa miezi kadhaa bila dume. Weka majike mawili au matatu kwa kila dume, vinginevyo majike husumbuliwa hadi kudhoofu. Au chukua madume matupu, wao ndio wenye mikia ya rangi, na hesabu yako itabaki ileile. Plati na mkia-upanga hupandana. Gapi na plati hapana.

Wanachanganyika na nani? Wao kwa wao, na kambare mdogo wa kulamba mwani aina ya Ancistrus, anayekoma sentimita 12 au 13. Usiwatie kwa mbuna: gapi mwenye mkia mrefu kwa mbuna ni bendera ya kuraruliwa.

Neoni na wenzake wa Amazoni

Aliye Nairobi mwenye maji laini na nyumba ya baridi, huyu ndiye samaki wake. Weka hita kwenye nyuzi 24, mimea mingi, mizizi ya mti iliyolowekwa, kundi la neoni kumi na Corydoras sita, kambare wadogo wa kukaa chini. Hakuna atakayemgusa mwenzake. Upole wa tangi hilo ni mkubwa kuliko yote niliyoyataja, na kama ningekuwa Nairobi huenda ningekuwa naandika ukurasa mzima juu yake.

Pwani ni hadithi nyingine. Neoni anataka nyuzi 20 hadi 26, na maji ya tangi la Dar mwezi Februari hukaa 29 au 30 bila hita yoyote. Maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni pungufu kuliko ya 25, kama miligramu 7.6 kwa lita badala ya 8.3, na umeme ukikatika usiku pampu inasimama. Kadinali, ndugu yake mwenye wekundu uliojaa tumbo zima, huvumilia joto zaidi, ila ugumu wa maji unabaki palepale. Na enjelifishi, ambaye huuzwa naye kwa sababu wametoka mto mmoja, akifikisha ukubwa wake huwala neoni mmoja mmoja. Hata huko kwao ndivyo anavyofanya.

Waliobaki kwenye orodha

Goldifishi ni samaki wa maji ya ubaridi, nyuzi 18 hadi 22, anachafua sana, na yule wa kawaida mwenye mkia mmoja anapita sentimita 30 akitunzwa. Anafaa bwawa la uani Nairobi, Arusha au Lushoto, na wenzake wa aina yake tu. Kwenye joto la pwani hupumua kwa shida, na kwenye bakuli hufa popote pale alipo.

Beta dume hupigana na beta dume, hilo linajulikana. Lisilojulikana ni kwamba humwona gapi mwenye mkia mpana kama beta mwenzake, na kwamba yeye mwenyewe hudonolewa mapezi na samaki wadogo wenye milia wanaoitwa tiger barb. Mpe lita 20 zake, peke yake, maji yasiyo na mkondo. Hilo joto la Dar analipenda.

Oska hafai. Anakua sentimita 30 ndani ya mwaka mmoja au miwili, na chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula. Msafisha kioo wa kawaida anayeuzwa kwa urefu wa kidole hufika sentimita 40, na wala hasafishi unavyotarajia, anaongeza kinyesi. Wapo pia wanaoleta perege na kambare wa mtoni: perege atang'oa kila mmea, na kambare atabaki peke yake tangini.

Wakae kando kwa kando

| Kundi | Maji | Joto (nyuzi) | Tangi la kuanzia | Wasichanganywe na |
|---|---|---|---|---|
| Mbuna waliochanganywa | magumu, pH 7.7–8.6 | 24–27 | sm 120 | gapi, Aulonocara, wakaa magandani |
| Saulosi peke yao | magumu, pH 7.7–8.6 | 24–27 | sm 90 | mbuna wengine wa njano au wenye milia |
| Wakaa magandani wa Tanganyika | magumu, pH 8–9 | 24–27 | sm 60 | mbuna, brichardi, frontosa |
| Gapi, moli, plati | ya kati hadi magumu, pH 7–8 | 24–28 | sm 60 | beta, mbuna, enjelifishi wakubwa |
| Neoni na Corydoras | laini, pH 6–7 | 22–25 | sm 60 | enjelifishi, samaki wa maziwa yetu |
| Goldifishi | yoyote ya wastani | 18–22 | bwawa, au sm 120 | wote wa joto |

Kupata lita za tangi lako zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, ugawe kwa 1,000. La mpwa wangu ni 90 kwa 40 kwa 45, lita 162. Ukitoa mchanga na mawe inabaki kama 140. Ile kanuni ya "sentimita moja ya samaki kwa lita moja" usiifuate kichwa kichwa. Oska mmoja wa sentimita 30 na gapi kumi wa sentimita 3 wana jumla ileile, lakini uchafu wao haulingani hata kidogo.

Alichochagua

Kwa maji ya Dodoma na tangi la 90 nilimpa njia tatu: saulosi peke yao, plati na gapi, au wakaa magandani pamoja na Julidochromis. Nilimwambia wazi kwamba plati ndio watakaomsamehe makosa ya mwanzo, na kwamba saulosi ndio watakaowafurahisha wageni wanaoingia sebuleni. Lakini kama anapenda kuketi na kuwatazama samaki wakiishi, wakijenga na kulea, basi achukue wa Tanganyika. Asitegemee rangi, ni wa kijivu na kahawia, wenye milia tu. Ningekuwa yeye ningechukua hao.

Akauliza, "Na Juni, baridi ya Dodoma?" Swali zuri. Usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14 nje, na maji ya sebuleni yanaweza kukaribia 20. Hita ya wati 150, iwekwe nyuzi 25, itatosha. Na sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa yenye betri, kwa usiku ambao umeme umekatika.

Jambo la mwisho nililomsisitiza: ikitokea samaki amemshinda, amrudishe dukani au ampe mfugaji mwingine. Asimmwage mtoni wala bwawani, hata awe mdogo kiasi gani. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na furu wa aina nyingi sana wamepotea hata kabla hawajapewa majina.

Jana alinitumia picha nyingine. Tangi limejaa maji, halina samaki hata mmoja, sponji inatoa mapovu, na kwenye jiko kuna sufuria ya maganda ya konokono yanachemka. Wiki ya pili sasa. Amonia bado inaonekana kwenye kipimo. Amesema atasubiri.